Ukiritimba wa Mafuta wa Manchuria, 1934–1935: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu mgogoro ambao wengi wetu hatukuusikia darasani. Mwaka 1934 serikali ya Manchukuo ilitunga sheria ya kujitwalia biashara ya mafuta, na Marekani, Uingereza na Uholanzi zikaenda kuilalamikia Japani. Vita vya Pasifiki vimeandikwa sana, lakini hatua hii iliyotangulia hupewa mistari miwili au mitatu. Nadhani inastahili zaidi. Hapo ndipo dola moja kubwa ilipojifunza kwamba inaweza kuvunja mkataba bila kuukana, mradi itafute mtu mwingine wa kuonekana ndiye aliyeuvunja.

Manchukuo ilikuwa nchi gani?

Ilikuwa dola kibaraka iliyoundwa na jeshi la Japani kaskazini-mashariki mwa Uchina. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, maofisa wa Jeshi la Kwantung, yaani jeshi la Japani lililokaa Manchuria, walilipua kipande cha reli karibu na Mukden, mji unaoitwa sasa Shenyang, wakawasingizia Wachina, kisha wakaliteka eneo lote la Manchuria kwa miezi michache. Tarehe 1 Machi 1932 ikatangazwa "nchi mpya". Puyi, mfalme wa mwisho wa nasaba ya Qing, alisimikwa kuwa mkuu wake, na miaka miwili baadaye akatawazwa kuwa mfalme mkuu. Makao makuu yalikuwa Changchun, uliopewa jina jipya la Hsinking.

Mawaziri walikuwa Wachina na Wamanchu. Nyuma ya kila waziri alikaa ofisa wa Kijapani, na maamuzi ya maana yalipitia Bodi ya Mambo ya Jumla, iliyoongozwa na Wajapani. Tena tangu 1932 mtu mmoja alishika vyeo viwili kwa pamoja: kamanda wa Jeshi la Kwantung ndiye alikuwa pia balozi wa Japani Manchukuo. Likumbuke hilo, maana hoja yote ya Tokyo katika suala la mafuta ilisimama juu ya madai kwamba Manchukuo ilikuwa inajiamulia yenyewe.

Nani aliuza mafuta Manchuria kabla ya sheria hiyo?

Sehemu kubwa ya soko ilikuwa mikononi mwa kampuni tatu za kigeni. Standard-Vacuum, iliyoundwa mwaka 1933 kwa kuunganisha shughuli za Mashariki ya Mbali za Standard Oil ya New Jersey na Socony-Vacuum, na Texas Company zilikuwa za Marekani. Asiatic Petroleum ilikuwa ya kundi la Royal Dutch-Shell, ndiyo sababu Uingereza na Uholanzi nazo ziliingia katika mgogoro.

Bidhaa iliyowafikisha hadi vijijini ilikuwa mafuta ya taa. Miaka mingi kabla ya hapo, Standard Oil ilikuwa imesambaza nchini Uchina taa ndogo za bei nafuu zilizojulikana kama Mei Foo, ili mwenye taa awe mnunuzi wa mafuta kwa maisha yake yote. Kampuni zilijenga matangi bandarini, maghala mijini, na mtandao mpana wa mawakala wa Kichina waliofikisha madebe hadi kwenye magulio ya ndani. Mtandao huo ndio uliokuwa mali yao halisi. Tangi la chuma unaweza kulipiwa fidia ukaenda zako. Kufahamiana na wafanyabiashara wa mamia ya miji midogo hakuna anayekulipa.

Sheria ilisema nini hasa?

Mambo yalikwenda kwa hatua mbili. Februari 1934 iliundwa Kampuni ya Petroli ya Manchuria, yenye mtaji wa yeni milioni 5. Wenye hisa walikuwa serikali ya Manchukuo, Kampuni ya Reli ya Kusini mwa Manchuria, na makampuni ya Japani yenyewe, Mitsui na Mitsubishi yakiwemo. Kampuni hiyo ya reli haikuwa ya kawaida, kwani nusu yake ilimilikiwa na serikali ya Japani. Kiwanda cha kusafishia mafuta kiliwekwa Dairen, ambayo leo ni Dalian, ndani ya eneo la kukodishwa la Kwantung lililotawaliwa na Japani moja kwa moja.

Hatua ya pili ilikuwa sheria yenyewe ya ukiritimba, iliyotangazwa Novemba 1934 na kuanza kutumika tarehe 10 Aprili 1935. Kuanzia siku hiyo mafuta yangeuzwa na serikali peke yake, kupitia wauzaji inaowateua. Kuingiza nchini, kusafirisha nje na kusafisha mafuta kungehitaji kibali. Kampuni za kigeni hazikufukuzwa kwa maandishi. Ziliambiwa zinaweza kuliuzia shirika la ukiritimba kwa kiwango litakachopanga lenyewe, na kwa masharti yake. Yaani maghala, mawakala na jina walilojijengea vingekuwa havina kazi tena.

Japani ilitaka ukiritimba huu kwa nini?

Kwa sababu ya jeshi kwanza, fedha baadaye. Japani yenyewe ilikuwa na mafuta kidogo sana chini ya ardhi yake, na meli za kivita, ndege na magari ya jeshi hayaendi kwa makaa ya mawe. Sehemu kubwa ya mafuta yake ilitoka Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa karibu asilimia 80. Maofisa walioota vita vya kujitosheleza waliuona utegemezi huo kama kitanzi.

Ndiyo maana sheria ya Manchukuo haiwezi kusomwa peke yake. Machi 1934 Japani nayo ilipitisha Sheria ya Sekta ya Petroli, iliyoanza kutumika Julai mwaka huohuo. Kila mwagizaji alitakiwa kuwa na leseni, kufuata mgao wa serikali, na kuweka akiba sawa na mafuta anayoagiza kwa miezi sita. Gharama ya kujenga matangi ya akiba hiyo na kununua mafuta ya kuyajaza ingebebwa na kampuni. Kwa maneno mengine, Standard-Vacuum na Shell zilitakiwa kujaza ghala la vita kwa fedha zao wenyewe. Huko Manchuria, Kampuni ya Reli ilikuwa tayari inachoma miamba ya Fushun ili kukamua mafuta, na watafiti walikuwa wanatafuta visima. Ukiritimba ulikuwa kipande cha mpango huohuo.

Mapato nayo yalihesabiwa. Manchukuo ilikuwa tayari inaendesha ukiritimba wa kasumba, na ilijua vizuri jinsi hazina ya serikali inavyonona pale bidhaa moja inapokuwa na muuzaji mmoja.

"Mlango wazi" uliotajwa katika malalamiko ni nini?

Ni kanuni kwamba wafanyabiashara wa mataifa yote wapate nafasi sawa nchini Uchina, pasiwepo dola itakayojifungia sehemu yake. Waziri wa mambo ya nje wa Marekani, John Hay, aliipendekeza kwa barua mwaka 1899 na kuirudia 1900. Kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa kauli tu. Ikawa sheria tarehe 6 Februari 1922 huko Washington, pale Mkataba wa Mataifa Tisa ulipotiwa saini. Japani ilikuwa miongoni mwa watia saini, na kifungu cha tatu kilikataza waziwazi kutafuta ukiritimba au upendeleo ambao ungewanyima raia wa mataifa mengine haki ya kufanya biashara halali Uchina.

Wamarekani walikwenda nyuma zaidi. Walitaja mkataba wao na Uchina wa mwaka 1844, ambao kifungu chake cha 15 kilisema biashara yao isizuiwe kwa ukiritimba. Na walikuwa na ahadi mpya mkononi: Machi 1932, siku chache tu baada ya kutangazwa, Manchukuo yenyewe iliziandikia serikali za kigeni kwamba ingerithi wajibu wa mikataba ya Uchina na kuheshimu mlango wazi. Japani nayo ilirudia maneno hayo mara nyingi.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo hupuuzwa na wanaosimulia kisa hiki kwa upande wa Washington. Mkataba wa 1844 ulipatikana Uchina ikiwa imepigwa na Uingereza katika vita vya kasumba, haina nguvu ya kukataa. Haki ambazo kampuni za mafuta zilizililia mwaka 1934 zilitokana na mikataba isiyo ya usawa. Hilo haliifanyi Japani kuwa na haki. Linaonyesha tu kwamba mwenye nyumba hakuulizwa na upande wowote.

Malalamiko yalipelekwaje, na Japani ilijibu nini?

Yalipelekwa Tokyo. Balozi wa Marekani huko alikuwa Joseph Grew, mkuu wake Washington alikuwa waziri Cordell Hull, na kwa upande wa Japani aliyepokea nyaraka alikuwa waziri wa mambo ya nje, Hirota Koki. Grew aliwasilisha waraka wa kwanza Julai 1934. Jibu la Agosti lilikuwa la adabu na lilikuwa fupi: Manchukuo ni nchi huru, mipango yake ya mafuta ni yake, Japani haiwezi kuingilia. Wamarekani wakaandika tena mwisho wa Agosti, wakitaka Japani itumie ushawishi wake kuzuia mpango huo kabla haujawa sheria.

Jibu la Novemba ndilo lililofungua macho. Tokyo haikuishia kusema "si letu". Iliongeza kwamba kama mataifa mengine yanataka mlango wazi Manchuria, basi kwanza yaitambue nchi iliyoko Manchuria na kuzungumza nayo. Aliyekuja kudai haki yake akawekewa bei ya kusikilizwa, na bei hiyo ilikuwa kuhalalisha uvamizi. Sheria ikatangazwa mwezi huohuo.

Grew alirudi tena mwishoni mwa Novemba kusema kwamba serikali yake haikubaliani na hoja hizo, na akaendelea hivyo mpaka Aprili 1935, wakati sheria ilipoanza kazi. Waraka wa mwisho wa Marekani ulieleza masikitiko kwamba Japani haikutumia ushawishi wake, na kuweka jukumu juu ya Japani yenyewe. Baada ya hapo hapakuwa na hatua iliyofuata.

Nikisoma mfuatano huu huwa nasikitishwa na namna kila waraka ulivyoandikwa kwa ufundi. Hoja za kisheria za Marekani zilikuwa imara. Zilitajwa tarehe, vifungu na ahadi. Lakini aliyekuwa anaandikiwa alikuwa ameamua kwamba barua si zake, na hakuna ufasaha unaoweza kumshinda mtu wa namna hiyo.

Je, hoja ya Japani haikuwa na chembe ya ukweli?

Ilikuwa na sehemu moja yenye uzito. Tokyo ilisema kwamba sheria inawabana wote sawa, Wajapani na wengine, na kwamba kila dola huru ina haki ya kuendesha ukiritimba wa serikali. Ni kweli kwamba ukiritimba wa serikali haukuwa jambo geni wakati huo. Nchi nyingi zilikuwa nao kwa chumvi, tumbaku au viberiti.

Usawa huo ulikuwa wa karatasini. Kampuni iliyopewa kusafisha mafuta ilikuwa na wenye hisa wa Japani na wa serikali ya Manchukuo tu. Kiwanda kilikuwa katika ardhi inayotawaliwa na Japani. Reli iliyobeba mafuta ilikuwa nusu mali ya serikali ya Japani. Mfanyabiashara wa Osaka aliyepoteza leseni ya kuuza mafuta Mukden angeweza kununua hisa za wale waliolipata soko. Mfanyabiashara wa New York hakufunguliwa njia hiyo.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Miaka hiyohiyo vitambaa vya Japani vilikuwa vinauzwa kwa wingi Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Uingereza ilipoweka mgao mwaka 1934 kuzuia vitambaa hivyo katika makoloni yake, ilishindwa kuuweka huku kwetu, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885, iliagiza biashara iwe sawa kwa mataifa yote. Japani ilifaidi mlango wazi Mombasa na Dar es Salaam wakati uleule ilipokuwa inaufunga Dairen.

Kwa nini hawakwenda kulalamika Hsinking moja kwa moja?

Kwa sababu ya sera ya kutoitambua Manchukuo. Tarehe 7 Januari 1932 waziri Henry Stimson, aliyemtangulia Hull, alitangaza kwamba Marekani haitatambua hali yoyote iliyopatikana kwa kuvunja mikataba, na mlango wazi ulitajwa humo kwa jina. Shirikisho la Mataifa lilifuata. Baada ya ripoti ya tume ya Lytton, iliyotumwa na Shirikisho kuchunguza suala la Manchuria, tarehe 24 Februari 1933 wajumbe 42 walipiga kura dhidi ya msimamo wa Japani. Japani ikapiga peke yake upande wa pili, Siam (Thailand ya leo) ikajizuia. Mwezi uliofuata Japani ikatoa taarifa ya kujitoa katika Shirikisho.

Kwa hiyo kumwandikia rasmi waziri wa Manchukuo kungekuwa kukubali kwamba ni waziri. Konsuli wa Marekani Mukden au Harbin angeweza kuzungumza na maofisa kuhusu jambo dogo la kila siku, lakini suala la mkataba halikuweza kupelekwa kwao. Mimi naamini kutotambua kulikuwa sahihi. Ila ni sera iliyohitaji mwenzake. Ukikataa kumtambua kibaraka, huna budi uwe na njia ya kumbana bwana wake. Marekani ya 1934 haikuwa tayari kumbana, na Japani ilikuwa inalijua hilo.

Wengine walianza kulegea. El Salvador iliitambua Manchukuo mwaka 1934. Machi 1935, wiki chache kabla ya sheria ya mafuta kuanza, Muungano wa Kisovieti uliiuzia Manchukuo reli ya Mashariki ya Uchina kwa yeni milioni 140. Kuuziana reli na serikali ambayo hutambui ni vigumu kukueleza kwa namna nyingine yoyote.

Uingereza ilisimama wapi?

Ililalamika. Balozi wake Tokyo, Robert Clive, alipeleka nyaraka zinazofanana na za Grew. Lakini London ilikuwa na mioyo miwili. Mwaka huohuo ujumbe wa wenye viwanda wa Uingereza, ukiongozwa na Lord Barnby, ulizuru Manchukuo kutafuta oda. Wapo serikalini waliotaka kupatana na Japani, hasa kwa kuwa mazungumzo ya kupunguza meli za kivita yalikuwa yanaendelea na Ujerumani ya Hitler ilikuwa inazidi kuwatia hofu. Desemba 1934 Japani ilitoa taarifa ya kujiondoa katika mkataba wa Washington wa meli za kivita, na suala la madebe ya mafuta ya taa likazidi kuonekana dogo.

Japani ilitegemea mafuta ya kigeni. Kwa nini kampuni hazikuikatia?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Kampuni zenyewe zililiwaza. Mwaka 1934 wakuu wa Standard Oil na Shell walilizungumza na maofisa wa Washington: je, tukiizuilia Japani mafuta ghafi, hata kwa kuonyesha tu kwamba tunaweza, haitalegeza sheria zake mbili?

Tatizo la kwanza lilikuwa California. Huko walikuwepo wazalishaji ambao hawakuwa na tangi hata moja Manchuria. Kwao Japani ilikuwa mteja mzuri aliye ng'ambo ya bahari moja tu. Tena Marekani ilikuwa inafurika mafuta. Eneo kubwa la visima la Texas Mashariki liligunduliwa mwaka 1930, na mwaka uliofuata bei ya pipa huko ilifika hadi senti 10. Katika mdororo ule wa uchumi, nani angemwambia mzalishaji aache kumuuzia anayelipa taslimu? Kama Standard-Vacuum na Shell zingejizuia peke yao, zingepoteza soko la Japani juu ya lile la Manchuria, na meli za California zingejaza pengo.

Ili marufuku ifanye kazi ilihitaji amri ya serikali. Serikali haikuwa na sheria ya kuzuia uuzaji wa aina hiyo wakati wa amani, na haikuwa na nia ya kuitafuta. Stanley Hornbeck, mkuu wa idara ya Mashariki ya Mbali, alikuwa mtetezi mkali wa haki za mikataba, lakini Hull na Rais Roosevelt hawakutaka ugomvi na Japani kwa ajili ya maslahi ya kampuni chache. Wananchi wengi wa Marekani hawakutaka kusikia habari za vita vya mbali.

Hivyo ikawa kwamba serikali ilitetea kampuni kwa maneno huku ikingoja kampuni zitende, nazo kampuni zikawa zinangoja serikali. Wakati wakingojeana, meli za mafuta ghafi ziliendelea kuondoka pwani ya Pasifiki kwenda Japani kila mwezi. Ofisa wa Tokyo aliyetaka kujua uzito wa waraka wa Grew hakuhitaji kuusoma. Angehesabu meli bandarini.

Hatimaye kampuni zilifanya nini?

Zilikataa kuwa wauzaji wa jumla wa shirika lililowanyang'anya soko, zikafunga biashara ya mafuta Manchuria mwaka 1935. Japani kwenyewe zilibaki, zikiendelea kubishana na wizara kuhusu akiba ya miezi sita kwa miaka kadhaa.

Na watu wa Manchuria?

Nyaraka za kidiplomasia zinawataja kwa nadra sana. Walikuwa takriban milioni 30, wengi wao wakulima wa maharagwe ya soya na mtama, na wao ndio waliokuwa wanunuzi wa mafuta hayo. Hakuna aliyewauliza kama wanataka muuzaji mmoja. Mawakala wa Kichina waliokuwa wamejenga maisha yao kwa kuuza madebe ya kampuni za kigeni walikuta kazi yao inategemea kuteuliwa na ofisi ya serikali inayoongozwa na wageni. Serikali ya Uchina huko Nanjing, ambayo kisheria ndiyo ilikuwa na mamlaka juu ya ardhi ile, haikuwa na askari wala karani hata mmoja huko.

Washington ikisema "haki zetu Manchuria" na Tokyo ikisema "uhuru wa Manchukuo", wote walikuwa wanazungumza juu ya vichwa vya watu hawa. Nasisitiza hili kwa sababu ni rahisi, ukisoma nyaraka hizi kwa muda mrefu, kuanza kuona suala zima kama mchezo wa wanadiplomasia na kusahau ni nyumba za nani zilizokuwa zinawashwa taa.

Je, mgogoro huu ndio uliosababisha Pearl Harbor?

Hapana, si moja kwa moja. Kati yake na Desemba 1941, Japani iliposhambulia kambi hiyo ya wanamaji wa Marekani, kuna vita kamili vya Japani na Uchina vilivyoanza Julai 1937, kuna kuanguka kwa Ufaransa na Uholanzi barani Ulaya, na kuna mengine mengi. Ila njia ni ileile. Oktoba 1938 Marekani ililalamika tena kwamba mlango wazi unafungwa, safari hii katika Uchina iliyotekwa, na Novemba waziri Arita Hachiro akajibu kwamba hali mpya imezaliwa Asia Mashariki na kanuni za zamani hazitoshi tena. Mwaka 1934 Hirota alikuwa bado anasema mlango uko wazi. Miaka minne baadaye hapakuwa na haja ya kusema hivyo.

Ndipo Marekani ilipoanza kutumia kile ilichokuwa nacho tangu mwanzo. Julai 1939 ilitoa taarifa ya kuvunja mkataba wake wa biashara na Japani wa mwaka 1911. Mwaka 1940 ikaanza kudhibiti uuzaji wa mafuta ya ndege. Julai 1941, Japani ilipoingia kusini mwa Indochina, mali zake zikazuiwa, na mafuta yakakatika kabisa. Lakini kufikia hapo Japani ilikuwa na jeshi lililokwisha kujitayarisha, pamoja na akiba ya mafuta iliyojazwa kwa miaka saba, na uamuzi wake ukawa ni kwenda kuchukua visima vya Indonesia kwa nguvu.

Kama ubano mdogo wa 1934 ungezuia lolote, hakuna anayeweza kuthibitisha. Ninachoweza kusema ni kwamba ungekuwa na gharama ndogo zaidi.

Ni kisa kimoja na Mexico ya 1938 au Iran ya 1951?

Hapana, na kuvichanganya ni kuwakosea haki Wamexico na Wairani. Rais Lázaro Cárdenas alipotaifisha mafuta tarehe 18 Machi 1938, na bunge la Iran lilipofanya hivyo Machi 1951 chini ya msukumo wa Mohammad Mossadegh, ilikuwa ni nchi zenyewe kuchukua utajiri wa ardhi zao kutoka kwa wageni. Watu walijaa barabarani kushangilia. Manchukuo haikuwa na visima vya mafuta vya kutaifisha. Ilichukua soko, na kulikabidhi kwa wageni wengine.

Kinachofanana ni upande wa kampuni, ambazo katika visa vyote vitatu zilikimbilia kwa serikali zao. Tofauti ya kutisha ni hii: Iran, nchi dhaifu iliyokuwa na haki, ilizuiliwa kuuza mafuta yake, kisha serikali yake ikapinduliwa mwaka 1953. Japani, yenye nguvu na isiyo na haki, iliandikiwa barua.

Manchuria ilikuwa na mafuta chini ya ardhi?

Ilikuwa nayo, mengi sana. Wajapani walitafuta na hawakuyapata. Septemba 1959, miaka 14 baada ya Manchukuo kusambaratika, Wachina waligundua eneo la visima la Daqing katika mkoa wa Heilongjiang, lililokuwa kubwa kuliko yote Uchina kwa miongo kadhaa.

Leo hoja ya Hirota, kwamba "muulizeni kibaraka, si mimi", ingesimama mahakamani?

Ingekuwa na wakati mgumu zaidi. Katika sheria ya kimataifa ya sasa, tendo la kundi au chombo kinachofanya kazi kwa maelekezo au chini ya udhibiti wa dola linahesabiwa kuwa tendo la dola hiyo. Kanuni hiyo imo katika vifungu vya wajibu wa dola vilivyokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Ubishi hubaki juu ya kiwango cha udhibiti kinachohitajika kuthibitishwa, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliweka kiwango cha juu sana katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani mwaka 1986.

Kesi iliyo karibu zaidi na Manchuria ni ya Loizidou dhidi ya Uturuki, katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwanamke wa kisiwa cha Kipro (Saiprasi) alizuiwa kufika kwenye ardhi yake kaskazini mwa Kipro, eneo lenye majeshi ya Uturuki na serikali ambayo Uturuki peke yake inaitambua. Uturuki ilijitetea karibu kwa maneno ya Hirota: hiyo ni nchi huru, kashtakini huko. Mwaka 1996 mahakama iliukataa utetezi huo. Ilisema jeshi la Uturuki linalidhibiti eneo kwa ujumla, kwa hiyo Uturuki inawajibika, na mwaka 1998 ikaamuru fidia ilipwe. Uturuki ilikataa kulipa kwa miaka mitano, kisha mwaka 2003 ikalipa.